Ndala na ile filimbi ya Rabat: alikosea, ao tunamutetea juu ni wetu?

Kunguru_Kamalondo · Jumatatu 19/01/2026, saa 6:25 usiku

Jambo yenu bana Lushi, na ba Goma na Bukavu wenye hamujalala.

Senegal wamebeba kikombe mbele ya Moroko, 1-0, bao ya Pape Gueye kwenye dakika za kuongeza. Pongezi kwao, tupite. Mimi nataka tuongelee muntu wetu. Fainali ya CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, uwanja wa Prince Moulay Abdellah kule Rabat umejaa, na mwenye filimbi ni Mukongomani, Jean-Jacques Ndala. Nilijivuna tangu nyimbo za taifa. Kisha ikafika mwisho wa kipindi cha pili, na nganda yote (baa yetu) ikanigeukia mimi, sawa vile mimi njo nilimutuma Rabat.

Muniambie: ile ya Ismaïla Sarr wa Senegal ilikuwa bao ao haikuwa bao? Na penalti ya Brahim Díaz wa Moroko? Mimi nasema penalti ilikuwa penalti. Filimbi ya kwanza njo iliharibu usiku wote.

Fundi_Katuba · saa 6:31 usiku

Bao. Safi. Hata mwanangu wa darasa la tatu aliona.

Mwana_Lupopo · saa 6:33 usiku

Leo kunguru wa Mazembe anauliza haki ya arbitre 😂 Anza na 2010, mukubwa. 5-0 yenye mulipiga Espérance hapa Lubumbashi, fainali ya Ligi ya Mabingwa, Watunisia wangali banalia mpaka leo.

Kunguru_Kamalondo · saa 6:36 usiku

@Mwana_Lupopo Espérance wenyewe walifika ile fainali kwa bao ya mukono ya Eneramo, uliza Al Ahly. Na kule kwao Radès tulitoka nao 1-1, ao kule pia arbitre alikuwa wa Kamalondo? We ngoja Lupopo icheze fainali ya Afrika, njo utaongea.

Filimbi_ya_Kale · saa 6:50 usiku

Vijana, mimi nilipuliza filimbi miaka mingi kwenye mechi za mitaa hapa Lubumbashi. Viwanja vya vumbi, VAR (ile mashine ya video) hakuna, siku zingine hata nyavu hakuna. Sikilizeni kidogo.

Kona inapigwa. Abdoulaye Seck wa Senegal anaruka pamoja na Hakimi wa Moroko, mkono wake uko kwenye mwili wa Hakimi, Hakimi anaanguka. Seck anapiga kichwa, mpira unagonga mwamba, Sarr anaumalizia. Sasa rudieni video, lakini safari hii msitazame mpira, sikilizeni. Filimbi inalia kabla Sarr hajaugusa. Filimbi ikishalia mchezo umesimama, kwa hiyo kisheria hakuna bao lililokataliwa, maana hapakuwa na bao. Na VAR haina ruhusa ya kurudisha kitu kilichofuata filimbi. Wale wa kwenye chumba cha video walikuwa wamefungwa mikono.

Njo maana arbitre wa leo wanafundishwa kuchelewesha. Shambulio likiwa karibu na goli, acha mpira ufike mwisho, kisha piga, kisha mashine itazame. Ndala alipiga papo hapo, kama sisi wa zamani. Juu ya kosa la Seck tunaweza kubishana mpaka asubuhi. Juu ya wakati wa filimbi, mimi sina la kumtetea.

Mama_Bijou · saa 7:02 usiku

Papa Filimbi aksanti, umefafanua muzuri. Lakini mimi nabishana juu ya kosa. Ile mukono ya Seck ilikuwa nyepesi. Kama ile ni kosa, basi kila kona ya dunia hii iko na kosa tano. Halafu dakika chache kisha, upande ule mwingine, Malick Diouf wa Senegal anavuta Brahim Díaz, arbitre haoni kitu, anaitwa kwenye télé, anatazama, penalti. Msenegali mwenye akili timamu angefikiri nini?

Kivu_Yetu (Goma) · saa 7:10 usiku

Mama, Diouf alimshika Díaz shingoni akamwangusha. Nilitazama kwa jirani mwenye panneau ya sola, tulikuwa wengi mpaka nje ya dirisha, na hata wale waliokuwa wanashangilia Senegal walinyamaza walipoona marudio. Kushika ndani ya boksi ni penalti, iwe dakika ya kwanza au ya mwisho. Shida ni kwamba alikuwa mkali kule na kipofu huku, halafu mashine ikamfumbua macho kwa faida ya mwenye nyumba. Mtu hatazami sheria wakati huo, anatazama mfuatano.

Fundi_Katuba · saa 7:12 usiku

Alilipwa huyo arbitre. Tuache kuzunguka.

Msimamizi · saa 7:15 usiku

@Fundi_Katuba ukiwa na ushahidi uweke. Kama hauna, andika "alikosea", inatosha. Ujumbe mwingine wa namna hiyo nafuta.

Chui_wa_Bukavu · saa 7:24 usiku

Nyinyi mnasema mwenye nyumba alisaidiwa. Sawa, hesabuni pamoja nami. Mwenye nyumba alipewa penalti ya dakika ya mwisho, fainali, kikombe ambacho hajakishika tangu 1976. Akapiga Panenka, mpira wa polepole wa katikati, ukamkuta kipa Mendy amesimama tu, akaudaka kama anapokea mkate. Kama huo ni mpango, basi ni mpango mbovu kuliko yote niliyowahi kuona.

Ila siwaachi Wamoroko. Ile taulo ya Mendy mliiona? Watoto wa mipira wanaivizia, wachezaji nao wanaitaka, mpaka kipa wa akiba wa Senegal, Yehvann Diouf, akageuka mlinzi wa kitambaa. Na kabla ya mechi Wasenegali walikuwa wameshalalamika juu ya usalama walipofika Rabat na juu ya hoteli. Waliingia uwanjani wakiwa tayari na hasira. Filimbi ya Ndala ilikuta petroli imemwagika.

Yaya_Ruashi · saa 7:30 usiku

Mimi nasema walipatana. Senegal ilitoka uwanjani juu ya ile penalti, ikarudi, Díaz akapiga mpira ya mutoto. Mulimuona Mendy akishangilia? Wasenegali walibaki kimya, sawa vile walijua.

Kunguru_Kamalondo · saa 7:33 usiku

@Yaya_Ruashi yaya, muntu apoteze kikombe ya CAN kwao, mbele ya watu wake wote, juu ya kufurahisha Sadio Mané? Díaz alikuwa mufungaji bora, bao 5, alitaka kutoka na picha nzuri. Kiburi tu. Na muguu ya muntu mwenye amengoja robo ya saa inakuwa nzito.

Yaya_Ruashi · saa 7:34 usiku

Nimesema yangu.

Prof_Kasapa · saa 1:15 asubuhi

Habari za asubuhi. Nimesoma yote. Naona mnabishana juu ya filimbi na kusahau jambo zito zaidi: kutoka uwanjani.

Kanuni za CAN, kifungu cha 82, zinasema timu ikikataa kucheza, au ikiondoka uwanjani kabla mechi haijaisha bila ruhusa ya mwamuzi, inahesabiwa imeshindwa na inatolewa kwenye mashindano. Kifungu cha 84 kinaongeza kwamba matokeo ni 3-0. Kocha wa Senegal, Pape Thiaw, aliwaita vijana wake, wengi wakaenda hadi vyumbani. Ukisoma herufi kwa herufi, Senegal ilikuwa imekwisha pale pale. Na sheria ya 12 ya mchezo inasema mchezaji anayeondoka makusudi bila ruhusa anapewa kadi ya njano. Hesabuni njano ambazo Ndala angeweza kutoa waliporudi, pamoja na wale waliokuwa nayo tayari. Senegal ingebaki na wangapi?

Swali langu ni hili: alikosa ujasiri, au alichagua amani?

Mama_Bijou · saa 1:28 asubuhi

Prof, uko unauliza swali ukiwa umekaa kwenye kiti. Ule mutu alikuwa katikati ya watu wanarusha viti kule pembeni. Atoe kadi kumi za njano na atoke namna gani?

Filimbi_ya_Kale · saa 1:40 asubuhi

Mama_Bijou anajua mpira kuliko Prof, samahani Prof.

Siku moja, timu moja hapa, sitaitaja, ilikataa penalti niliyotoa. Wakakaa chini katikati ya uwanja. Kitabu kinaniambia nimalize mechi. Nikatazama ule umati nyuma ya kamba, nikatazama mlango uko mbali kiasi gani, nikaamua saa yangu imesimama. Nilingoja. Kapteni wao, kijana mwenye heshima, aliwainua mmoja mmoja. Mechi ikaisha, hakuna aliyepigwa jiwe. Kwenye ripoti nikaandika "mechi ilisimama kwa muda". Mané jana ndiye alikuwa yule kapteni, hata kama kitambaa hakikuwa mkononi mwake. Alibaki, akaenda kuwaleta wenzake. Ndala kazi yake ilikuwa kutopiga filimbi ya mwisho, na hakuipiga. Ile ya kungoja ilikuwa kazi safi, ninasema mimi niliyemlaumu juu kule.

Prof_Kasapa · saa 1:52 asubuhi

Mzee Filimbi, nakusikia, lakini huo mlango ukiufungua haufungiki. Kumbuka Radès, 31 Mei 2019, fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wydad wa Moroko walikataliwa bao la El Karti, wakataka VAR, VAR haifanyi kazi, wakagoma. Bakary Gassama wa Gambia alingoja, kisha akamaliza mechi, Espérance wakapewa kikombe. CAF, shirikisho la mpira wa Afrika, kwanza ikasema mechi irudiwe, jambo likafika mahakama ya michezo kule Uswisi, mwisho Espérance wakabaki nacho. Wydad waligoma wakapoteza. Senegal waligoma wakashinda. Kanuni moja, matokeo mawili.

Chui_wa_Bukavu · saa 1:58 asubuhi

Siyo sawa, Prof. Wydad hawakurudi kucheza. Senegal walirudi. Hiyo ndiyo tofauti yote. Kifungu chako kinasema "bila ruhusa ya mwamuzi", na mwamuzi mwenyewe aliwapokea, akaweka mpira chini, akaendelea. Aliyeruhusu kurudi si amesamehe kutoka?

Prof_Kasapa · saa 2:03 asubuhi

Kupokea si kuruhusu. Tungoje CAF.

Mwana_Lupopo · saa 2:10 asubuhi

Kwa kikombe cha mezani uliza Mazembe! Kikombe yao ya kwanza, 1967, wakiitwa Englebert: Asante Kotoko 1-1, 2-2, kisha mechi ya tatu Kotoko haikufika uwanjani. Wakabeba. Ukipita Kamalondo usiseme kwa sauti.

Kunguru_Kamalondo · saa 2:14 asubuhi

Na 1968 tulibeba tena, uwanjani, na Kotoko hakuwa na neno. We treni ya Lupopo ingali Likasi inangoja mafuta.

Simba_wa_Msimbazi (Dar) · saa 3:05 asubuhi

Hodi jamani. Mnazungumzia ushindi wa mezani bila kutukaribisha? Mwaka 2011 Mazembe mlitolewa kwenye Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya kumchezesha Bokungu asiyeruhusiwa, na waliopeleka malalamiko ni Simba. Tunawapenda bado.

Kunguru_Kamalondo · saa 3:09 asubuhi

Mlipeleka karatasi juu uwanjani mulishindwa. Karibu sana ndugu, lakini hii uzi ni ya Ndala.

Kasumbalesa_Express · saa 4:20 asubuhi

Niko kwenye foleni ya magari mpakani, madereva ba Zambia wananicheka tangu asubuhi. Nikawakumbusha Sikazwe, arbitre wao. Limbe, Januari 2022, Tunisia na Mali: anamaliza mechi dakika ya 85, anarudisha watu, anamaliza tena kabla 90 hazijatimia. Wakasema jua lilimupiga kichwa. Na ni huyu huyu alipuliza fainali ya CAN 2017, mutu mukubwa kabisa. Sasa wamenyamaza. Moja amenipa hata muhindi ya kula.

Chui_wa_Bukavu · saa 4:31 asubuhi

Sikazwe alikuwa mgonjwa kweli, kaka, usimcheke. Ukitaka aibu yenyewe, Bata 2015: Tunisia na Guinea ya Ikweta, penalti ya kuwapa wenyeji kusawazisha dakika za majeruhi, wakashinda 2-1. Yule arbitre wa Mauritius alifungiwa miezi 6. Ile hakuna aliyeitetea, hata kwao.

Fundi_Katuba · saa 4:40 asubuhi

Na sisi wenyewe tusisahau Abidjan 2024, nusu fainali ya CAN na Côte d'Ivoire. Bakambu alifunga mapema, wakakataa, eti alimusumbua kipa Fofana. Haller akatufunga, tukaenda. Siku ile nilisema wenyeji banabebwa, mukaniita mulalamishi.

Kivu_Yetu (Goma) · saa 4:52 asubuhi

Ile ya Bakambu mpira ulikuwa mikononi mwa kipa, kaka. Iliniuma, lakini lilikuwa kosa. Mechi ile mimi naikumbuka zaidi kwa wachezaji wetu wakati wa wimbo wa taifa: mkono mmoja kwenye mdomo, vidole viwili kwenye kichwa, kwa ajili yetu huku Mashariki. Hakuna VAR ya hilo. Basi, turudi Rabat.

Filimbi_ya_Kale · saa 5:15 asubuhi

Usiku ule ule wa 7 Februari 2024, kule Bouaké, kuna kitu arbitre wote walisoma kama shule. Nigeria wanashambulia, Osimhen anafunga, 2-0, watu wanaruka. VAR inasema ngojeni, kabla ya shambulio kulikuwa na kosa kwenye boksi la Nigeria. Bao linafutwa, Afrika Kusini wanapata penalti, inakuwa 1-1. Nigeria wakapita kwa matuta. Ilikuwa ajabu lakini ilikuwa sahihi, na iliwezekana kwa sababu arbitre hakupiga filimbi, aliacha mpira utembee. Hicho tu ndicho namuuliza Ndala. Angeacha Sarr afunge, angeitwa kwenye skrini, angeona mwenyewe kama mkono wa Seck ulisukuma. Pengine angelikataa bao lile lile! Lakini wangelikubali, maana wangeona amelitazama.

Mama_Bijou · saa 5:22 asubuhi

Wangelikubali? Papa, hawa watu wa mpira? Wangetoka tu, ila kwa sababu ingine.

Mzee_Gécamines · saa 8:10 mchana

Wadogo zangu, nyinyi mnalia juu ya Rabat. Sisi 1974 tulitolewa kadi nyekundu mchezaji wetu Mwepu kwa bure kule Ujerumani, mechi ya Brazil, na dunia ikacheka.

Prof_Kasapa · saa 8:25 mchana

Mzee wetu shikamoo. Kwa Brazil Mwepu Ilunga alipiga ule mpira wa adhabu kabla haujachezwa, akapewa njano tu. Nyekundu ilikuwa mechi ya Yugoslavia, ile ya 9-0, na aliyetolewa ni Ndaye Mulamba. Ubaya wenyewe ni kwamba aliyempiga teke mwamuzi alikuwa Mwepu. Yule wa Colombia, Omar Delgado, alimtoa asiyehusika.

Mzee_Gécamines · saa 8:41 mchana

Mwepu, Ndaye, ni vile vile, kosa la arbitre ni kosa la arbitre. Mwepu alikuwa wa hapa kwetu Englebert, yule mwingine wa timu ya AS Vita, Kinshasa. Kwa hiyo hesabu ya Lubumbashi haikupungua.

Mwana_Lupopo · saa 8:43 mchana

😂😂 Mzee uishi miaka 100.

Fundi_Katuba · saa 8:50 mchana

Ndaye mwenye alifunga bao 9 kwenye CAN mwaka ule ule! Wakamutoa dakika ya 22 juu ya muguu ya mwingine. Na hakuna mwenye aligoma. Wangetoka uwanjani siku ile, 9 zisingefika.

Yaya_Ruashi · saa 9:30 alasiri

Nirudie kidogo. Munajua Wakongomani na Regragui, kocha wa Moroko, si marafiki, tangu ile fujo yake na Mbemba wetu, San Pedro 2024. Ndala aliingia uwanjani akijua kila mtu atasema "Mukongomani atawalipiza Wamoroko". Kwa hiyo akaogopa kuonekana adui yao. Akapiga filimbi haraka kumulinda Hakimi. Sikusema pesa. Nasema woga.

Filimbi_ya_Kale · saa 9:44 alasiri

Kwa mara ya kwanza Yaya_Ruashi amesema kitu ambacho siwezi kukitupa. Ukishajua unatazamwa kwa jicho fulani, unajirekebisha kupita kiasi. Lakini ndani ya sekunde moja, kwenye kona, hakuna anayefikiri Regragui. Unaona mkono, kidole kinatangulia.

Chui_wa_Bukavu · saa 9:50 alasiri

Kwa hiyo tuna: woga, zamani, mwenye nyumba, mapatano, na kanuni. Mwingine?

Kasumbalesa_Express · saa 10:05 alasiri

Njaa. Ningali kwenye foleni.

Kunguru_Kamalondo · Jumanne 20/01/2026, saa 2:20 asubuhi

Nimerudia video na masikio, sawa vile Papa Filimbi alisema. Filimbi inalia kabla Sarr hajapiga kichwa, ni kweli. Lakini nikarudia pia Hakimi: anaanguka polepole, anatazama kwanza. Ndala hakukosea peke yake, alisaidiwa kukosea.

Na kitu ingine. Jana bosi kazini, mutu wa Kasai, ananiambia: "Arbitre wenu wa Kinshasa." Akipata fainali ni Mukongomani, akiharibu ni wa Kinshasa. Nimecheka.

Kivu_Yetu (Goma) · saa 2:35 asubuhi

Tungekuwa sisi kwenye ile fainali hata Ndala asingepangwa, hapuliziwi mtu filimbi na ndugu yake. Algeria walitutoa kwa bao la Boulbina dakika ya 119, njo nafasi ya Ndala ikafunguka. Yule shabiki wetu aliyesimama kama sanamu ya Lumumba angesimama mpaka fainali.

Fundi_Katuba · saa 2:41 asubuhi

Sasa Mexico, mwezi wa tatu. Mshindi wa Jamaica na Nouvelle-Calédonie, kisha sisi. Mechi moja na tuko Kombe la Dunia, tangu 1974. Nani anajua arbitre atatoka wapi?

Prof_Kasapa · saa 2:50 asubuhi

Hajatangazwa. Hapa tuko mbele ya Guadalajara kwa saa 8, kwa hiyo jiandaeni kukesha.

Mwana_Lupopo · saa 2:52 asubuhi

Siku ile hakuna Lupopo hakuna Mazembe. Tukutane wapi? Wa Kamalondo muchangie kinywaji, nyinyi njo muko na stade.

Mama_Bijou · saa 3:00 asubuhi

Kwangu, Bel-Air. Groupe ya umeme iko na mafuta, bukari (ugali) nitapika. Mwenye ataanza kuniongelea Seck na Hakimi analipa sahani mbili.